Kaditamati Mfukoni mwa Maiti

Mtunzi wa Kiswahili afikapo ukingoni mwa utungo wake huwa na ada ya kuaga. Husema "kaditamati", au "tamati", au hukata kwa "tama" peke yake, kisha akanyamaza. Msikilizaji aliyelelewa Unguja, Pemba, Mvita au Lamu hashtuki alisikiapo neno hilo. Anajua kuwa asili yake ni Kiarabu, na kwamba maana yake ni "imekwisha kutimia". Anajua pia kwamba kilichotimia ni shairi, wala si umri wa aliyelitunga. Mtunzi husema kaditamati usiku, na asubuhi akaonekana sokoni akipatana bei ya samaki.

Katika mwaka 1949 neno la ukoo huohuo lilikutwa mahali ambapo hapana aliyelitazamia. Lilikuwa limechapwa juu ya kikaratasi kilichokunjwa vizuri, ndani ya kifuko kidogo kilichofichika katika suruali ya maiti asiyejulikana jina, mjini Adelaide, kusini mwa Australia. Kikaratasi kilisema: Tamám Shud. "Tamám" ni tama ileile ya watunzi wetu, iliyoingia katika Kiajemi kama ilivyoingia katika Kiswahili. "Shud" ni Kiajemi, maana yake "imekuwa". Yote mawili pamoja ni "imetimia". Waliolisoma neno hilo huko Adelaide hawakuwa na ada ya kaditamati. Wao walilisoma kama wosia wa mtu anayejua kwamba anakufa, au kama ishara ya siri baina ya majasusi. Kwa zaidi ya miaka 70 kila alilolifanya marehemu siku yake ya mwisho likapimwa kwa mizani hiyo, na kila tendo likaonekana geni, la kutisha, na lenye siri.

Kisa hicho kinastahili kutazamwa na wapenzi wa ushairi kuliko watu wengine wote, kwa sababu kazi iliyowashinda wapelelezi ni kazi yao wapenzi wa ushairi: kufumbua. Na katika kufumbua, jambo la kwanza si kuuliza "fumbo hili lina maana gani?" Jambo la kwanza ni kuuliza kama pana fumbo.

Khabari yenyewe ni hii. Jumanne, tarehe 30 Novemba 1948, mtu mmoja wa makamo, mrefu, mwenye afya njema kwa kumtazama, alikuwapo katika stesheni ya reli ya Adelaide. Alinunua tiketi ya daraja la pili ya kwendea Henley Beach, mtaa wa pwani. Tiketi hiyo hakuitumia. Aliweka sanduku lake katika chumba cha kuhifadhia mizigo hapo stesheni, baada ya saa 5 asubuhi, kisha akapanda basi la kwendea upande mwingine wa pwani, Glenelg. Yaliyopita mchana kutwa hayajulikani. Jioni, kama saa 1, watu wawili mume na mke waliokuwa wakitembea ufukweni Somerton walimwona mtu amelala chali, kichwa amekiegemeza kwenye ukuta wa kuzuia bahari. Aliunyosha mkono wake wa kulia mpaka mwisho, kisha ukaanguka kwa ulegevu. Baada ya muda, watu wengine wawili walimwona papo hapo, nao wakastaajabu kwamba hawafukuzi mbu. Walidhani amelewa au amelala. Hapana aliyemwendea.

Alfajiri ya tarehe 1 Desemba alikutwa amekufa palepale, miguu kaipishanisha, na kipande cha sigara kikiwa kwenye kola ya koti lake. Mavazi yake yalikuwa nadhifu na viatu vyake viling'ara. Hakuwa na kofia, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamume wa zama zile. Hakuwa na pochi wala fedha. Mifukoni mlikuwa na tiketi ile ya reli, tiketi ya basi, kitana chembamba cha aluminiamu kilichotengenezwa Marekani, ubani wa kutafuna, kiberiti, na pakiti ya sigara za Army Club ambayo ndani yake mlikuwa na sigara 7 za aina nyingine, Kensitas. Na lililowashughulisha polisi kuliko yote: lebo zote za nguo zake zilikuwa zimeondolewa.

Madaktari walimpasua. Wengu wake ulikuwa umevimba mara tatu ya kipimo cha kawaida, na viungo vya ndani vilikuwa vimejaa damu. Moyo wake haukuwa na maradhi ya kuelezea kifo. Mkemia wa serikali alitafuta sumu zote za kawaida, asiione hata moja. Katika uchunguzi wa kimahakama wa Juni 1949, ulioongozwa na Thomas Erskine Cleland, profesa wa elimu ya dawa, Cedric Stanton Hicks, alisema kwamba zipo sumu za aina fulani ambazo huusimamisha moyo na zisiache dalili ya kuonekana. Majina yake hakuyatamka hadharani. Aliyaandika juu ya karatasi na kuikabidhi kwa mahakama. Aliyoyaandika yalihusu digitalis na strophanthin.

Hapa msomaji wa pwani yetu hana budi kutua kidogo, kwani sumu hii ya pili haitoki mbali naye. Hutokana na mimea ya Afrika iliyotumiwa na wawindaji kupaka mishale, na jamaa zake wa karibu ndizo sumu za mishale zilizojulikana na Wakamba na Waata wa bara ya Kenya. Elimu ya tiba ya Ulaya ilianza kuitambua nguvu yake juu ya moyo kwa mkono wa John Kirk, tabibu aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Chembe za sumu hiyo zilikuwa zimeugusa mswaki wake, naye alipousukutulia akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Huyo ndiye Kirk aliyekuja baadaye kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar katika zama za Sayyid Barghash. Hivyo ikawa kwamba, katika mahakama ya Adelaide, sumu ambayo hapana aliyeiona iliongezwa juu ya mtu ambaye hapana aliyemjua. Dhana mbili zilipokutana zikazaa yakini, na wengi wakaanza kusema kwamba ameuawa, na ameuawa na mabingwa.

Kabla ya hapo, mwezi Januari 1949, sanduku lake lilikuwa limegunduliwa stesheni, nalo limebanduliwa kibandiko chake. Ndani mlikuwa na joho jekundu la nyumbani, sapatu, pajama, vifaa vya kunyolea ndevu, bisibisi ya fundi umeme, kisu cha mezani kilichokatwa na kunolewa kikawa kifupi, mkasi wenye ncha zilizochongwa, na brashi ya aina itumikayo kupigia chapa za maandishi. Mlikuwa na uzi wa rangi ya machungwa uliotiwa nta, usiopatikana kwa kawaida katika Australia, na uzi uohuo ndio uliotumika kushonea bitana ya mfuko wa suruali aliyofia. Katika baadhi ya nguo palikuwa na jina: T. Keane. Polisi walimtafuta Keane aliyepotea, wasimpate. Wakakata shauri kwamba lebo zenye jina hilo ziliachwa makusudi, kwa kuwa aliyeziacha alijua kwamba si jina la marehemu.

Ndipo kilipoonekana kile kikaratasi. Ilitambuliwa kuwa kimechanwa kutoka ukurasa wa mwisho wa Rubaiyat za Omar Khayyam katika tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1859. Khabari ilipotangazwa magazetini, mtu mmoja alijitokeza na nakala ya kitabu hicho ambayo alisema aliikuta ndani ya gari lake lililokuwa limesimama Glenelg, karibu na siku za kifo kile. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechanwa pale palipotakiwa neno hilo. Kwenye jalada la nyuma palionekana alama hafifu za mistari mitano ya herufi kubwa, herufi kama 50 kwa jumla, zisizounda neno lolote. Mstari wa pili ulikuwa umepigwa mkwaju. Palikuwa pia na nambari ya simu ya muuguzi mmoja aliyekuwa akiishi mwendo mfupi tu kutoka pale maiti ilipokutwa.

Muuguzi alisema kwamba hamjui marehemu. Alikiri kwamba wakati wa vita aliwahi kumpa luteni mmoja wa jeshi kitabu kama hicho. Polisi wakadhani kwamba marehemu ndiye luteni huyo. Lakini luteni alipatikana akiwa hai, na kitabu chake alikuwa nacho, ukurasa wa mwisho mzima na neno lake lipo. Muuguzi alipoonyeshwa sanamu ya plasta iliyochukuliwa kutokana na uso wa maiti, mpelelezi mmoja alisema kwamba alibadilika sura mithili ya mtu anayetaka kuzimia. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo hadi alipokufa, na hata baada ya hapo, ukimya wake ulihesabiwa kuwa ni ushahidi.

Yaliyofuata yanaeleweka kwa kuzikumbuka zama zenyewe. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, na vita baridi vilikuwa vimeanza. Katika jimbo hilohilo la South Australia, kule Woomera, Waingereza na Waaustralia walikuwa wakijenga uwanja wa kujaribia makombora. Siri za serikali ya Australia zilikuwa zimegundulika kuwa zinavujia Moscow, na mwaka 1949 nchi hiyo ikaunda idara yake mpya ya usalama. Katika hewa ya namna hiyo, mtu asiye na jina, asiye na lebo, mwenye kisu kilichonolewa, mwenye herufi zisizosomeka, na aliyekufa kwa sumu isiyoonekana, angekuwa nani kama si jasusi? Misuli ya miguu yake iliyojengeka ikasemwa kuwa ni ya mcheza dansi. Sigara za aina moja katika pakiti ya aina nyingine zikasemwa kuwa ndizo zilizotiwa sumu. Tiketi isiyotumika ikasemwa kuwa ni mbinu ya kuwapoteza wanaomfuata. Mkono ulionyooshwa ukasemwa kuwa ni ishara.

Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua: ndivyo walivyosema wahenga. Lakini methali hiyo ina sharti ndani yake ambalo husahauliwa. Inasema "mfumbe"; yaani yupo mfumbaji, na yupo anayefumbiwa. Mshairi wa Mvita au Pate aliyetunga juu ya jahazi linalovuja huku akimkusudia mtawala alikuwa na watu wake wa kuwapelekea salamu hiyo, na alijua kuwa wataipata. Alichagua jahazi kwa makusudi, na tanga kwa makusudi, na maji kwa makusudi. Kwa hivyo msomaji ana haki ya kuuliza kila kitu katika utungo huo kina maana gani. Fumbo lina bwana wake.

Mambo mengine hayajulikani tu. Hayakufumbwa na mtu. Yamekosa kujulikana kwa sababu anayeyajua hayupo, au kwa sababu hapana aliyeuliza mapema. Mtu akikuta mlango wa jirani uko wazi usiku, hajui kwa nini uko wazi. Hilo halina maana kwamba jirani aliuacha wazi ili amwambie jambo. Usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini giza halijifichi. Kosa la wafumbuzi wa Somerton lilikuwa kutotenganisha haya mawili. Waliyachukua yote wasiyoyajua juu ya marehemu wakayageuza kuwa yote aliyoyaficha.

Mwenye kutaka kuufasiri mwenendo wa aliyekufa, basi, hana budi kuuliza kwanza maswali matatu ambayo kila mhakiki mwadilifu wa shairi huyauliza. La kwanza: ada ya mtu huyu ilikuwa nini? Tendo haliwi la ajabu peke yake. Huwa la ajabu kwa kulinganishwa na desturi ya mtendaji, na mtu asiyejulikana hana desturi ijulikanayo. La pili: hali ya mahali na zama ilikuwaje? Linaloonekana geni kwa msomaji wa leo laweza kuwa lilikuwa jambo la kila siku. La tatu: kama tendo hilo lilikuwa na ujumbe, ulipelekwa kwa nani? Wafumbuzi wa Adelaide hawakuwa na jibu la swali la kwanza, hawakulishughulikia la pili, na la tatu walijijibu wenyewe.

Jibu la swali la kwanza lilichelewa sana. Mwezi Mei 2021 polisi wa South Australia walilifukua kaburi ili kutafuta vinasaba. Mwezi Julai 2022, Profesa Derek Abbott wa Chuo Kikuu cha Adelaide, aliyeishughulikia kesi hiyo kwa miaka mingi, pamoja na Colleen Fitzpatrick, mtaalamu wa nasaba kutoka Marekani, walitangaza jina. Walikuwa wamepata vinasaba kutokana na nywele zilizonasa katika ile sanamu ya plasta, wakajenga mti mkubwa wa ukoo, na matawi yake yakawafikisha kwa Carl Webb, aliyejulikana pia kwa jina la Charles, aliyezaliwa Footscray, kitongoji cha Melbourne, tarehe 16 Novemba 1905. Tangazo hilo lilikuwa la watafiti, halikuwa hukumu ya mahakama. Hata hivyo, baada yake kisa kizima kilianza kusomeka upya.

Webb alikuwa fundi wa umeme na mtengenezaji wa vyombo vya kupimia. Basi bisibisi ile ilikuwa mahali pake, na kisu kilichokatwa, na mkasi uliochongwa ncha: ni vitu vya mtu anayefanya kazi kwa mikono yake na kujitengenezea zana. Dada yake aliolewa na mtu aitwaye Thomas Keane. Basi T. Keane, aliyetafutwa kwa jitihada kubwa kama mtu aliyepotea au jina la uongo, alikuwa shemeji tu, na nguo zilikuwa nguo za shemeji. Mgao wa nguo katika Australia ulianza mwaka 1942 na ulikuwa umeondolewa mwaka 1948 huohuo. Katika miaka hiyo watu walivaa nguo za ndugu, nguo za mitumba, nguo zilizoshonwa na kushonwa tena, na mwenye kupokea nguo iliyovaliwa na mwingine huliondoa jina la mwenyewe wa kwanza. Askari wa Kimarekani walipita kwa wingi katika nchi ile wakati wa vita, na vitu vyao vidogo vidogo, vitana vikiwamo, vilibaki mikononi mwa wenyeji. Sigara za aina moja katika pakiti ya nyingine ni jambo la mtu mwenye senti chache. Na aliyekosa treni hupanda basi.

Hapo ndipo msomaji huona jambo la kuhuzunisha. Mambo yaliyokuwa yakisomwa kama ujanja wa jasusi yalikuwa, kwa sehemu kubwa, dalili za ufukara na upweke. Webb alioa mwaka 1941. Ndoa haikuwa na amani, na kumbukumbu zake zinakatika mwaka 1947. Mwaka 1951 mkewe aliomba talaka kwa sababu ya kutelekezwa, asijue, wala mahakama isijue, kwamba mume anayeshitakiwa huenda alikuwa amekwisha zikwa tangu Juni 1949, katika makaburi ya West Terrace, kwa gharama za watu wengine na chini ya jiwe lisilo na jina. Wakati wa kuomba talaka mke alikuwa akiishi Bute, mji mdogo wa jimbo lilelile la South Australia. Wako wanaodhani kwamba mtu aliyeshuka Adelaide siku ile alikuwa akimtafuta mkewe. Hilo ni dhana, lakini ni dhana ya kibinadamu, na haihitaji makombora wala Moscow.

Katika hati hizo za talaka mna jambo ambalo mpenzi wa ushairi hawezi kulipita. Mke alieleza kwamba mumewe alikuwa mtu mzito, mwenye hasira, anayependa kulala mapema na kujitenga; kwamba aliwahi kujaribu kujiua kwa dawa ya usingizi; na kwamba alikuwa akitunga mashairi, mengi yake juu ya kifo. Mtu aliyetafutwa na makachero kwa miaka yote ile kama jasusi alikuwa mtunzi.

Zitazamwe tena, basi, zile herufi. Wataalamu wa maandishi ya siri wa jeshi la majini walizijaribu mwaka 1949, zikawashinda. Mwaka 1978 wataalamu wa wizara ya ulinzi walisema kwamba ni chache mno kuweza kufumbuliwa kwa njia ya kuridhisha. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika Chuo Kikuu cha Adelaide ulielekea kuonyesha kwamba zinafanana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Mistari mitano; wa pili umekatwa, na wa nne umeanza kwa herufi zinazokaribiana sana na za ule uliokatwa, kana kwamba mwandishi aliruka mstari, akatanabahi, akaufuta, kisha akaurejea mahali pake. Yeyote aliyewahi kuuhifadhi utenzi, au kumwona mtunzi akijiandikia vichwa vya maneno ili asisahau vina, anaijua hali hiyo. Abbott amedokeza pia kwamba zaweza kuwa majina ya farasi wa mashindano ya kamari. Lolote kati ya hayo laweza kuwa kweli. Lakini katika yote mawili hapana jasusi, wala hapana anayefumbiwa: ni maandishi ya mtu kwa nafsi yake, na maandishi ya namna hiyo hufa na mwenyewe.

Je, ndiyo kusema kwamba hakuna fumbo hata moja? La. Haki ya marehemu inataka pia lisipunguzwe alilolifanya kwa makusudi. Tiketi huachwa kwa kuchelewa, lebo huondolewa kwa umaskini, na kofia huweza kupeperuka. Bali karatasi ya kitabu haijichani yenyewe. Kama nakala ile ilikuwa yake, basi mtu alikifungua kitabu cha mashairi ukurasa wa mwisho, akalichana neno moja tu, akalikunja, akalitia katika kifuko ambacho wapekuzi walikikosa mwanzoni, na kitabu chenyewe akakitupa. Hili ni tendo lenye makusudi. Katika matendo yote ya siku ile, hili pekee ndilo linaloweza kuitwa utungo.

Na hata hapa, elimu ya kaditamati inafaa kuliko elimu ya ujasusi. "Tamám Shud" si maneno ya Khayyam. Ni ada ya wanukuzi wa Kiajemi: aliyemaliza kunakili kitabu aliliandika neno hilo chini, kama wanavyofanya wanukuzi wa pwani yetu, na FitzGerald akalibakisha katika tafsiri yake kwa kupenda ladha yake. Msomaji wa Kiingereza asiyeijua ada hiyo alikutana nalo kama neno zito la mwisho baada ya beti zinazozungumzia mavumbi na umri unaopita. Shaaban Robert, aliyewaletea Waswahili mshairi huyo katika kitabu chake Omar Khayyam kwa Kiswahili, kilichotoka mwaka 1952, alikuwa akiwaandikia watu wasiohitaji kuelezwa tamati ni nini. Webb, fundi wa Melbourne, hakuwa na bahati hiyo. Yamkini alilisoma neno kwa uzito wote aliokuwa nao moyoni mwake. Yamkini alilipenda tu, kama mtu apendavyo kulikata ua. Kama alijiua, neno hilo ni buriani. Kama aliuawa, neno hilo halimtaji muuaji. Na kama alikufa kwa maradhi, pale mchangani, huku watu wakipita na kudhani amelewa, basi neno hilo lilikuwa mfukoni mwake kama shairi liwavyo mfukoni mwa mtu yeyote. Cleland, alipoifunga kazi yake mwaka 1958, alikiri kwamba hawezi kusema marehemu ni nani wala amekufa vipi. Jina limepatikana, la pili limebaki lilivyokuwa.

Ufasiri mbaya hauishii vitabuni. Una watu unaowaumiza. Muuguzi yule aliishi miaka mingi chini ya kivuli cha kesi. Kwa kuwa alikaa karibu, kwa kuwa alipenda kitabu kilekile, na kwa kuwa alibadilika uso mbele ya sanamu ya mtu aliyekufa, alitungiwa mapenzi, akatungiwa ujasusi, hata mwanawe akatungiwa baba. Jina la Webb lilipotangazwa halikuutia nguvu uvumi huo. Huenda alimjua marehemu, huenda hakumjua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na uso wa mtu aliyeonyeshwa maiti ghafla si kitabu kilichofunguliwa kila mtu akisome apendavyo.

Katika maandishi ya kale ya pwani, aliyefika tamati hakuachia hapo. Baada ya kaditamati aliandika jina lake na la baba yake, na mara nyingi siku na mwaka, ili atakayesoma ajue ni nani aliyefanya kazi hiyo na amwombee. Neno lililokutwa katika suruali ya mtu wa Somerton lilikuwa limechanwa bila ya hayo. Wafumbuzi walikesha miaka 70 wakilitafutia siri, na kilichopungua chini yake kilikuwa jina tu: Carl Webb, fundi, mtunzi, mume wa mtu, shemeji wa Keane.